Mlisi Mmoja, Walisi Wengi

Kosa lilianzia kwa Beatrice, na hadi leo hataki kulikubali.

Beatrice ana ofisi ya utalii pale Njoro, Moshi mjini, chumba kimoja na printa inayokwama. Mimi ndiye mtembezaji wake wa huku vijijini, Old Moshi. Nawapokea wageni, nawaonyesha kahawa inavyomenywa na kukaangwa, nawapeleka maporomoko, nawalisha ndizi, kisha nawarudisha Kiboriloni kule chini wamechoka na wamefurahi. Jumatatu hiyo akanitumia ujumbe: “Priska, Alhamisi wageni kumi kutoka Wallis. Watu wazima. Soma habari za kwao kidogo, usiwape maneno yako ya kila siku.”

Maneno yangu ya kila siku! Nikasonya, lakini nikatii.

Sasa, Wallis ni wapi? Mimi nikajua ni Wales, kule kwenye visiwa vya Waingereza. Beatrice haandiki kitu bila kukosea. Aliwahi kuniambia nijiandae kwa watu wa Australia, wakashuka watu wa Austria. Basi nikafungua simu, nikasoma siku mbili, nakamua ng'ombe huku nasoma. Nikajua ngome zao zinapita mia nne. Nikajua habari za makaa ya mawe, kwaya za wachimbaji, joka jekundu kwenye bendera, na stesheni moja ya treni yenye jina refu kiasi kwamba ukilianza kulisoma treni imeshaondoka. Mlima wao mrefu kuliko yote una mita elfu moja na themanini na tano. Nikacheka peke yangu. Zizi letu liko juu kuliko huo mlima!

Baba yangu, Mzee Eliufoo, alikuwa kwenye benchi lake nje akinisikia nikijisomea. Ana miaka themanini na moja, magoti yamegoma, lakini masikio ni ya kijana.

“Hao wageni ni kabila gani?” akauliza.

“Wallis, Baba. Lakini ni Wales.”

“Walisi,” akasema, akilipima neno. “Mlisi mmoja, Walisi wengi. Nchi yao itakuwa Ulisi.”

“Baba, si kabila. Ni jina la nchi.”

“Wewe umesoma, sikatai. Lakini hilo ni jina la watu. Wanafuga?”

“Kondoo wao ni wengi kuliko watu.”

“Umeona? Walisi, walishi. Wanalisha.” Akaridhika kabisa, akachukua ufagio wake akaenda kufagia mfongo.

Hapo ndipo niseme habari ya mfongo, maana ndio uliokuwa ukinikosesha raha. Mfongo ni mfereji wetu wa asili. Unachukua maji mtoni kule juu karibu na msitu, unayazungusha ubavuni mwa mlima, hadi yanafika kwenye migomba na kahawa. Huu wetu aliupima babu yake Baba kwa macho tu, na Baba ndiye mzee wa mfongo, mwenye kupanga zamu za maji. Ila zamu zenyewe hazikuwapo tena. Miaka mitatu nyuma masika yaliporomosha udongo pale kwenye jabali, sehemu ya hatua thelathini hivi ambapo mfongo ulipita juu ya korongo. Likabaki jiwe tupu. Wakajenga kwa saruji, ikabomoka. Wakaweka mpira wa maji, ukaibiwa. Tangu hapo mfongo ukawa mkavu, na kahawa yetu kila kiangazi inanyauka tunaiangalia. Maji ya bomba yapo, lakini hayo ni ya kunywa na kupikia. Ukimwagilia shamba kwa bomba utagombana na kijiji kizima.

Na Baba, kila asubuhi, anaufagia mfongo mkavu. Anatoa majani, anatoa mawe, kuanzia uani kwetu hadi magoti yanapokataa. Watu wakamcheka. Siku moja nilimsikia Godwin, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akisema kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kwamba mzee anafagia kaburi. Yesu wangu! Nilimwambia maneno Godwin siku ile mpaka akaacha kata yake ya mbege mezani. Lakini sikuweza kumbishia jambo moja: Jumamosi ya wiki ile ya wageni kulikuwa na mkutano, na hoja ilikuwa kuufukia mfongo ili njia ipanuliwe, bodaboda na gari vipite. Watu wengi walikuwa wameshakubali.

Nilimuuliza Baba, “Wakiufukia utafanya nini?”

Akanitazama. “Nitaamka asubuhi nifanye nini, mama?”

Nilienda jikoni nikalia, sioni aibu kusema.

Alhamisi Walisi wakaja. Wazee kumi, mashavu mekundu, viatu vya kupandia mlima. Mimi nimejipanga mstari wa mbele na boksi nililoandika kwa makaa CROESO, ndiyo karibu ya Wales. Baba pembeni yangu kwenye koti lake la kanisani, nimemfundisha na yeye. Wakakaribia, akatoa sauti: “Kroiso! Kroiso, Walisi!”

Wakatazamana. Mmoja akageuka nyuma kuangalia kama kuna watu wengine wanaosalimiwa. Mimi nikaendelea tu, sijui nina nini, nikawaeleza habari za ngome na makaa ya mawe na joka jekundu. Nikawapa pole kwa kuwa na mlima mfupi.

Mlima mfupi ndio uliowashinda. Walicheka, jamani, wakashikana mabega. Mzee mmoja mrefu, Martin, akafuta machozi akasema, “Mama, sisi ni wa Wallis. Jimbo la Uswisi. Kwetu kuna milima zaidi ya arobaini inayopita mita elfu nne.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamgeukia Baba, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba nimewapeleka wageni nchi isiyo yao.

“Kwa hiyo si Walisi?”

“Ni Walisi, Baba. Ila wa Uswisi.”

“Basi mimi sikukosea,” akasema Baba, na akawaambia wakae wanywe kahawa.

Kiingereza cha Martin kilikuwa cha kuombea maji, na changu kinazidi hapo kidogo tu. Lakini kumbe maji ndiyo tuliyokuwa tunakwenda kuyazungumza. Alichukua kijiti akachora nchi yake kwenye vumbi la uani. Bonde refu, mto katikati unaitwa Rhone, milima huku na huku. Milima inazuia mvua, kwa hiyo chini ni kukavu, jua kali, wanalima zabibu na matunda kama pichi ndogo. Akamchorea Baba mlima Matterhorn, umechongoka kama jino la mbwa, watu wanatoka dunia nzima kuupiga picha. Akachora mji wa Sion wenye vilima viwili: kimoja kina magofu ya ngome, cha pili kina kanisa ambalo kinanda chake kina karibu miaka mia sita na bado kinapigwa. Akachora njia ya milimani waliyopita Warumi zamani, na juu kabisa nyumba ya watawa waliofuga mbwa wakubwa wa kutafuta wasafiri waliofunikwa na theluji. Mimi natafsiri, mate yananikauka. Baba anaitikia kwa kichwa.

“Na mifugo?” Baba akauliza. Hajasahau.

Martin akasema wana ng'ombe weusi wafupi, majike, ambao hupambanishwa pembe kwa pembe kumpata malkia wa kundi, na watu hujaa kutazama.

“Anayeshindwa anachinjwa?”

“Hapana. Anarudi kula majani.”

“Hao ni watu wazuri,” akasema Baba.

Kisha Martin akaonyesha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, siku hiyo iko wazi, na ule weupe mdogo uliobaki kileleni. Akasema kwao kuna barafu ndefu kilometa ishirini na inapungua vilevile. Zamani, barafu ilipokuwa inawasogelea, watu wa vijiji vya chini waliweka nadhiri, wakawa wanaandamana kila mwaka wakimwomba Mungu airudishe nyuma. Wakaomba miaka zaidi ya mia tatu. Juzi juzi wakaona imerudi mno, wakaomba ruhusa kwa Papa wageuze sala, sasa wanaomba ikue.

Baba ni Mlutheri wa tangu ubatizo, mambo ya Papa hayamhusu sana. Lakini akasema, “Mungu wetu ana kazi na sisi.” Halafu akainama kuangalia ule mchoro. “Priska, muulize. Bonde lao ni kavu, maji yako juu kwenye barafu. Wanayashushaje?”

Nikauliza. Martin akakiweka kijiti chini, akatoa simu, akatafuta picha. Akasema yeye kwao amekuwa mlinzi wa mfereji miaka ishirini na minane. Mifereji imechimbwa na mababu zao tangu karne za kale, inatoka kwenye barafu inazunguka ubavuni mwa mlima hadi kwenye mashamba. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, asiyekuja kufanya kazi ya pamoja anatozwa faini. Siku hizi watalii wanapanda basi na treni kuja kutembea tu pembeni ya mifereji hiyo, wanakula mikate, wanasikiliza maji.

Mimi nikaacha kutafsiri. Nilisahau kabisa kazi yangu.

“Anasema nini?” Baba akanigusa.

“Anasema ana mfongo, Baba. Yeye ni mzee wa mfongo kama wewe.”

Wakatazamana wale wazee wawili. Baba akasogeza benchi.

“Muulize,” akasema taratibu, “mfongo wao ukifika kwenye jabali, wanafanyaje?”

Martin akampa simu. Kwenye picha kulikuwa na jabali lililosimama wima, na kwenye uso wake miti iliyochimbwa katikati imeunganishwa mmoja baada ya mwingine, imelazwa juu ya vigingi vilivyopigwa kwenye jiwe. Maji yanapita ndani yake, chini ni shimo tu.

Baba akainuka bila fimbo. Mwaka mzima sikuwa nimemwona akiinuka bila fimbo. “Mizinga!” akasema. “Priska, hiyo si mizinga ya nyuki? Wamepasua mizinga wakailaza!”

Ilikuwa hivyo kweli. Mzinga sisi tunaujua tangu utotoni, gogo linachimbwa ndani kwa tezo, linatundikwa mtini. Hakuna boma la kwetu lisilo na mzinga wa zamani umelala darini. Na hakuna mtu, hata Baba mwenyewe, aliyewahi kufikiri kuupitishia maji.

Maporomoko tuliyaacha siku hiyo. Beatrice alinipigia simu mara nne kuhusu ratiba, sikupokea. Niliwapeleka Walisi kwenye jabali. Martin akalipapasa jiwe, akaangalia chini ya korongo, akasema hili linapitika. Ila akaniambia jambo jingine: kwao mlinzi hawezi kukaa mferejini kutwa, kwa hiyo huweka gurudumu dogo ndani ya maji, gurudumu linainua nyundo, nyundo inapiga ubao. Ukiwa nyumbani unasikia inagonga, unajua maji yanakwenda. Ikinyamaza, unachukua koleo unakimbia.

Jumamosi nilifika mkutanoni mapema. Godwin akaanza vizuri, akamwamkia Baba shikamoo, akasifu kazi ya wazee, akaeleza faida za njia pana. Mimi nikanyoosha mkono. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba mambo ya mfongo ni ya wanaume.

“Ni ya wanaume?” nikageuka. “Miaka mitatu wanaume wako wapi? Anayebeba maji kichwani kumwagilia miche ya kahawa ni nani, mjomba wako?”

Watu wakacheka, nikapata nafasi. Nikawasimulia Ulisi. Nikawaambia kuna watu bondeni kwao ni pakavu kuliko Kiboriloni, lakini mababu zao walitundika maji kwenye miamba, na hawakuona aibu kuendelea. Nikawaambia wageni wanayaacha majumba ya kifalme ili wakatembee kwenye mfongo, na sisi wa kwetu tunataka kuufukia bodaboda ipite. Nikainua picha aliyoniachia Martin.

Godwin akaitazama muda mrefu. “Dada Priska, mti utaoza.”

Baba ndiye aliyemjibu. “Utaoza, mwanangu. Tutaweka mwingine. Saruji tuliyoweka ilipovunjika kila mtu alimngoja fundi. Mti kila mtu anaujua.”

Halafu Elimringi, kiongozi wa wapanda mlima, kijana ambaye hazungumzi sana, akasema kamba anazo, na kama ni kuning'inia jabalini kupiga vigingi, yeye huwa anafanya mambo mabaya kuliko hayo kwa ajili ya wageni.

Godwin akakuna kichwa. Akatoa uamuzi: mwezi mmoja. Maji yasipopita jabali kabla ya masika, tunafukia, na hakuna kulaumiana. Mikono ikainuka. Baba akaukubali mwezi huo kwa kichwa.

Kazi ilianza. Kila nyumba ikatoa mti mmoja wa mgrivea, na Godwin, nimpe haki yake, akazunguka mwenyewe kutafuta kibali cha kukata, kisha akabeba magogo begani. Baba aliketi uani kwetu akiwafundisha kushika tezo, maana vijana wanajua kupakua app lakini kuchimba gogo hawajui. “Usilimenye kama kiazi!” anafoka. “Lichimbe!” Elimringi akaning'inia kwenye kamba zake kutwa, watu wakawa wanakuja kumtazama na kumletea chai. Salvina, jirani yetu Mkatoliki ambaye alikuwa wa kwanza kukubali mfongo ufukiwe, akaleta mizinga miwili ya marehemu mumewe. Aliisugua kwa maji na majivu kwanza, akaipapasa, ndipo akaiachia.

Gurudumu la nyundo nililitafuta mimi. Fundi baiskeli wa Kiboriloni alinitengenezea kwa ringi ya zamani na makopo ya mafuta, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni kengele ya mlangoni. Tulilifunga mara tu baada ya jabali, mahali ambapo sauti inaweza kushuka hadi kwetu.

Mara ya kwanza tulipofungua maji yalivuja kwenye viungo, yakaisha kabla hayajafika nusu ya jabali. Siku zilibaki nne. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamweleza Baba. Akaniuliza tumeziba kwa nini. Nikasema kwa mpira na misumari. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa swali la chekechea. “Ziba kwa majani makavu ya mgomba na udongo wa mfinyanzi. Maji yenyewe yatavimbisha.” Tukabandua, tukaziba upya.

Siku ya mwisho mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Pare. Godwin na Elimringi walipanda juu kufungua, nikabaki na Baba. Nilitaka kwenda, lakini sikuweza kumwacha peke yake na siku kama ile. Saa tatu Godwin akapiga simu: “Tumefungua.” Baba akavaa koti lake la kanisani, akachukua ufagio, akaanza kufagia mfongo kama kawaida yake.

Saa nne hakuna kitu. Udongo mkavu wa miaka mitatu unakunywa kwanza, hilo nililijua. Saa tano hakuna kitu. Nikampigia Godwin, hapatikani. Salvina akaja na rozari, akasimama kwenye uzio. Mimi niliogopa, naomba niseme ukweli. Nilikuwa nimemtia mzee wa miaka themanini na moja tumaini kwa sababu ya picha ya wageni ambao hata nchi yao sikuijua.

“Baba, pumzika,” nikasema.

“Bado kuna majani hapa.”

Hapakuwa na jani hata moja.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Kutoka kule juu, upande wa jabali, ikashuka sauti ya mti ukigonga mti. Ngo. Ikanyamaza. Nikashika mkono wa Baba. Ngo. Halafu kama mtu aliyepata nguvu: ngo, ngo, ngo, ngo, bila kukoma, na vifijo vya watu nyuma yake.

Salvina akapiga kigelegele hadi kuku wakakimbia. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sijui kipi kilianza. Baba hakulia. Alisimama akasikiliza, kichwa kimeinama kidogo, jinsi mtu anavyosikiliza mlango kujua ni nani amekuja. Akauondoa ufagio wake katikati ya mfongo, akasogea pembeni, akanyoosha koti.

“Karibu!” akaitikia kwa sauti kubwa. “Karibu, pita ndani.”